Mchezo Usio na Mwamuzi

Hapana mtu duniani asiyeipenda haki inapokuwa upande wake. Mwizi akiibiwa hupiga yowe sawasawa na mtu mwema, na mwongo akidanganywa hukasirika kuliko msema kweli. Kuipenda haki ni jambo jepesi. Lililo zito ni kuitambua pale inapotugeukia na kututaka tutoe kitu tulichokwisha kukitia mkononi. Hapo macho yetu huingia ukungu, na akili zetu, ambazo siku nyingine ni nyepesi, huanza kutafuta visababu. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani, wakasema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mtu mbaya. Huenda ni mtu mwema sana. Lakini amesimama upande wake, na ngozi hufuata mikono ya anayeivuta.

Kwa sababu hiyo latujia swali lililo la kale kama binadamu wenyewe: je, mtu aweza kuwa hakimu wa haki katika shauri lake mwenyewe? Sheria za nchi nyingi, na ya kwetu Kenya mojawapo, zajibu kwamba hawezi. Hakimu akiwa na ndugu katika kesi, au akiwa na faida yake ndani ya kesi hiyo, hutakiwa ajiondoe na kumwachia mwingine. Hata watoto wawili wanaogombania embe humwendea mtu wa tatu awaamue. Nia yangu katika insha hii si kulibomoa jibu hilo, kwa kuwa ni jibu la busara. Nia yangu ni kuuliza kama linatosha katika maisha yote ya mtu. Nami nitalipima kwa kitu kidogo ambacho wengi hawatazamii kukiona karibu na maswali makubwa kama haya, yaani mchezo wa kurushiana kisahani.

Lakini tuanze na mchezo ambao kila msomaji anaujua. Katika kandanda yuko refa mwenye filimbi, na pande zote mbili zimekubali kwamba neno lake ni la mwisho. Huyu ni mtu wa tatu tuliyemtaja, na bila yeye mechi nyingi zingekwisha kwa ngumi. Hata hivyo, refa anapochukua kazi ya kuamua, mara nyingi huchukua na kitu kingine ambacho hatukukusudia kumpa. Tarehe 22 Juni, 1986, katika Kombe la Dunia lililochezwa nchini Mexico, Argentina ilikutana na Uingereza katika robo fainali. Diego Maradona aliruka pamoja na kipa wa Uingereza, akausukumia mpira wavuni kwa mkono wake wa kushoto. Refa hakuuona mkono ule. Bao likakubaliwa, na Argentina ikashinda kwa mabao 2 kwa 1.

Maradona alifariki mwaka 2020, wala simtaji hapa ili nimhukumu. Namtaja kwa sababu ya jambo ambalo watu wengi hawakulishangaa. Katika uwanja mzima, mtu aliyejua kwa yakini kuliko wote kwamba mpira umeguswa kwa mkono alikuwa ni yeye mwenyewe; na yeye ndiye ambaye hakuna aliyemtazamia aseme. Kazi ya kusema ilikuwa ya refa. Mchezaji wa kandanda amefundishwa kucheza mpaka asikie filimbi, na asipoisikia hujihesabu kwamba hana kosa. Hivyo dhamiri yake ameikabidhi kwa mtu mwingine aibebe kwa muda wa dakika 90. Tangu Kombe la Dunia la mwaka 2018 waamuzi wa mashindano hayo wamekuwa wakisaidiwa na picha za video, na makosa mengi yaliyokuwa yakifichika sasa huonekana. Hilo ni jema. Lakini kilichoongezeka ni macho ya refa. Dhamiri ya mchezaji imebaki vile vile ilivyokuwa.

Sasa tuutazame mchezo wa namna nyingine. Huko Marekani, wanafunzi wa vyuo walikuwa na desturi ya kurushiana sahani za bati za pai, zilizotoka katika kampuni ya Frisbie ya mji wa Bridgeport. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani cha plastiki kilichobuniwa na Walter Frederick Morrison, na kwa ukumbusho wa zile sahani za pai kikapewa jina la Frisbee. Kisha mwaka 1968, katika shule ya sekondari iitwayo Columbia, mjini Maplewood katika jimbo la New Jersey, mwanafunzi mmoja jina lake Joel Silver pamoja na wenziwe walianza kukitumia kisahani hicho katika mchezo wa timu mbili, wakauita Ultimate. Silver, Buzzy Hellring na Jonny Hines wakaziandika kanuni zake, na mwaka 1970 zilikuwa tayari. Tarehe 6 Novemba, 1972, vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vilipambana katika mechi ya kwanza ya vyuo, na Rutgers ikashinda kwa 29 kwa 27. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma maneno haya na wajue, basi, kwamba mchezo huu ulibuniwa na watu wa umri wao, pasipo mfadhili wala bingwa wa kuwaelekeza.

Kanuni zake si ngumu. Uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho wa uwanja umetengwa eneo la mita 18 ambalo ndilo goli. Kila upande una wachezaji 7. Kisahani, chenye uzito wa gramu 175, hupitishwa hewani kutoka mkono hadi mkono, na aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho; atakita mguu mmoja chini na kuugeuzageuza mwili wake mpaka apate mwenzake wa kumrushia. Kikidakwa ndani ya goli la wapinzani ni pointi. Kikianguka chini, au kikinyakuliwa na mpinzani, upande wa pili hukichukua na kuanza kushambulia. Kugongana na kusukumana ni makosa. Mlinzi anayemkabili mwenye kisahani humhesabia sekunde kwa sauti, moja hadi kumi. Zikitimia kumi kabla hajakirusha, amekipoteza.

Jambo la ajabu ni kwamba katika yote hayo hapana refa. Aliyetendewa kosa ndiye anayelidai, na mchezo husimama. Aliyelitenda huulizwa kama anakubali. Akikubali, kosa hurekebishwa. Asipokubali, huelezana kwa ufupi na kwa utulivu kila mmoja alichokiona. Na wakishindwa kupatana, kwa kawaida kisahani hurudishwa kwa yule aliyekirusha, mchezo ukaanzia pale ulipokuwa kabla ya ubishi. Wala usidhani kwamba hii ni desturi ya michezo ya uchochoroni tu. Shirikisho la dunia la michezo ya kisahani liliundwa mwaka 1985, mchezo huu umekuwamo katika Michezo ya Dunia tangu mwaka 2001 huko Akita, Japani, na mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho hilo. Hata katika mashindano makubwa ya shirikisho hilo wachezaji huamua wenyewe.

Ukizisoma kanuni hizi kwa makini utaona kwamba zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba hakuna mchezaji atakayevunja sheria kwa kusudi. Kwa hivyo hazina adhabu kali kwa anayekosea bila kukusudia. Hutafuta kuurudisha mchezo katika hali ambayo ungekuwa nayo kama kosa lisingetendeka. Zaidi ya hayo, zamtaka mchezaji asidai kosa dogo lisilobadili kitu. Na akimwona mwenzake wa upande ule ule amedai kosa lisilokuwapo, zamtaka amwambie. Hebu ulitafakari sharti hilo la mwisho. Kumsahihisha adui ni tamu. Kumsahihisha mwenzako mbele ya adui, wakati pointi inaning'inia, hilo lataka moyo. Mwisho wa mechi kila timu huipima nyingine katika mambo matano, yaani kuzijua na kuzitumia kanuni, kujiepusha na makosa na kugongana, kuamua kwa haki, kuwa na nia njema na kujizuia, na kuzungumza vizuri. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 4, na jumla haizidi 20. Kwa hivyo timu yaweza kushinda mechi zake zote na bado ikaondoka ikijua kwamba wenzao hawakuipenda namna ilivyoshinda.

Msomaji aweza kusema: “Mambo haya ni rahisi kwa marafiki. Watu wanaopendana wataamuana kwa wema. Wageni ndio watakaodhulumiana.” Hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo mpaka nilipoona msimu mmoja wa mchezo huu miongoni mwa watu waliojuana kwa muda mrefu. Tulikuwa kumi na wawili, wake kwa waume, tuliosoma pamoja katika chuo kimoja cha ualimu, na baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi tukajikuta tunafundisha katika shule zilizo jirani, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mmoja wetu alipewa kisahani na mgeni aliyemtembelea, naye akatufundisha. Tukacheza kila Jumamosi alasiri kuanzia Januari mpaka mvua za Aprili zilipotufukuza, watu sita kila upande, katika kiwanja cha vumbi ambacho mipaka yake tuliiweka kwa majivu na kwa viatu vyetu wenyewe. Baada ya mchezo tulikunywa chai pamoja. Hapakuwa na kombe, wala watazamaji, ila watoto wachache wa mtaani waliokuja kutucheka.

Kati yetu walikuwamo mwalimu wa historia na mwalimu wa hesabu, ambao urafiki wao ulikuwa mfano kwetu sote. Mmoja alikuwa msimamizi wa arusi ya mwingine, na watoto wao waliitana ndugu. Mwalimu wa historia alikuwa mrefu na mwepesi wa kuruka. Lakini aliporuka alikuwa na tabia ya kuweka mkono begani mwa aliye karibu naye, kama mtu anayepanda ngazi. Aliyekuwa karibu naye, Jumamosi nyingi, alikuwa ni mwalimu wa hesabu. Kanuni zilimpa ruhusa ya kudai kosa. Hakudai. Alijisemea moyoni, kama alivyotueleza baadaye, kwamba haifai kumfanya rafiki aonekane mwizi mbele za watu kwa ajili ya kipande cha plastiki. Nasi tuliomwona akiinuka na kujipangusa vumbi tulimsifu kwa uvumilivu wake.

Lakini uvumilivu ule ulikuwa na hesabu ndani yake. Jumamosi ya tano aliacha kutania. Ya sita aliondoka bila kunywa chai. Ya saba hakuja, akatuma salamu kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Ya nane alikuja. Kisahani kikapanda, mkono ukawekwa begani kama kawaida, naye akaanguka. Alipoinuka alikiokota kisahani akakitupa nje ya uwanja, akasema maneno ambayo hayakuhusu mchezo hata kidogo. Alisema kwamba hata chuoni mwenziwe alikuwa vile vile, kwamba siku zote amepanda juu ya mabega ya watu, na mengine ambayo haifai kuyaandika. Sote tulisimama kama tuliomwagiwa maji.

Mwalimu wa historia alimwuliza, “Mkono huu nimekuwekea mara ngapi?”

“Tangu Januari, Mwalimu.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Kwa sababu wewe ni rafiki yangu.”

Yule bwana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Basi umenihukumu wiki saba bila kunisomea mashtaka.”

Neno hilo lilitushinda wote, na nafikiri ndilo lililo kiini cha swali letu. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba mtu mwenye kudhulumu katika shauri lake mwenyewe ni yule anayejivutia, anayesema “pointi ni yangu” na hali si yake. Hatukufikiri kwamba yuko na mdhalimu wa pili, naye ni yule anayenyamaza. Mwalimu wa hesabu hakuacha kuhukumu kwa kuwa amenyamaza. Alisikiliza kesi moyoni mwake kila Jumamosi. Alikuwa mshitaki, shahidi na hakimu, na mshitakiwa hakuitwa hata siku moja. Hukumu ikatolewa, na adhabu ikaanza kutekelezwa, kwanza kwa kuacha mzaha, kisha kwa kuacha chai, kisha kwa kuacha kuja. Na aliyeadhibiwa hakujua ameadhibiwa kwa lipi. Huku nako ni kuivutia ngozi kwako, ila kwa kimya, na ngoma iliyowambwa hivyo hupasuka kwa kishindo kikubwa zaidi.

Kwa nini jambo hili huwapata marafiki kuliko wageni? Sababu yake si ngumu kuiona. Ukichezewa rafu na mgeni utasema papo hapo, kwa kuwa huna kitu cha kuchunga. Ukichezewa rafu na rafiki, una urafiki wa kuchunga, nawe waona ni afadhali kulimeza neno kuliko kuutikisa urafiki. Haya ni mambo ya ustaarabu, wala siyadharau; jamii isiyo na haya ni jamii ya vita. Lakini yatupasa tutofautishe kati ya kusamehe na kuficha. Anayesamehe huliacha kosa liende zake, na kesho halikumbuki. Anayeficha huliweka akiba. Na akiba ya makosa ya watu hukua, kwa maana kila kosa jipya hulikuta la jana likiwa macho likilingoja. Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno dogo la Jumamosi ya kwanza, “Ndugu, mkono wako uko begani mwangu,” lingekuwa udongo wa kuziba ufa. Jumamosi ya nane tulikuwa tunahitaji mawe ya kujengea ukuta mzima.

Msomaji asidhani kwamba namlaumu mwalimu wa hesabu peke yake. Mwenziwe naye alikuwa na wajibu wake. Mtu aruke Jumamosi saba akiona kila mara kwamba kuna mtu anayeanguka pembeni yake, asijiulize kwa nini? Alingoja kudaiwa, kama mchezaji wa kandanda anavyongoja filimbi. Alijihesabu kwamba yuko safi maadamu hapana aliyelalamika. Hapa ndipo mchezo usio na mwamuzi unapotutaka tuwe na kitu zaidi ya utii. Utii huuliza, “Je, nimekatazwa?” Dhamiri huuliza, “Je, nimemdhuru mtu?” Sheria yaweza kulijibu swali la kwanza. La pili halina wa kulijibu ila mwenye mkono na mwenye bega, wakitazamana.

Mwanamke mmoja miongoni mwetu, mwalimu wa sayansi, alitukumbusha siku ile kwamba wachezaji wa Ultimate wana desturi ya kukaa duara baada ya mechi, timu zote mbili zikichanganyika, wakaambiana yaliyokwenda vizuri na yasiyokwenda vizuri. Tukaanza kufanya hivyo kabla ya chai. Katika wiki zilizofuata madai ya makosa yaliongezeka, na ugomvi ukapungua. Tulikuwa tumedhani kwamba kudai ndiko kunakoleta ugomvi, kumbe kusubiri ndiko kunakouleta. Karibu na mwisho wa msimu mwalimu wa historia alidaka kisahani ndani ya goli, na upande wake ukaanza kushangilia. Mwenyewe hakushangilia. Alimgeukia mwenziwe akamwambia, “Mkono wangu ulikuwa begani mwako. Dai kosa lako.” Mwenziwe akalidai. Pointi ikafutwa, na upande wa mwalimu wa historia ukashindwa mechi ile kwa pointi moja. Sitasema kwamba urafiki wao ulirudi siku hiyo kama ulivyokuwa. Maneno yaliyosemwa hayarudi kinywani. Lakini nilichokiona ni kwamba sasa walikuwa wakiambiana mambo, na wakati ule wa zamani tuliousifu hawakuwa wakiambiana.

Yako mapingamizi ambayo si haki kuyapita. La kwanza ni kwamba mchezo huu wenyewe haukuweza kuishi bila waamuzi pale fedha zilipoingia. Ni kweli: mwaka 2012 ilianza kuchezwa huko Marekani ligi ya wachezaji wa kulipwa, na ligi hiyo iliweka marefa. Jambo hili latufundisha kwamba pale penye mshahara na watazamaji, wenye ligi huona si busara kuitegemea dhamiri peke yake. Hata hivyo ligi hiyo iliweka kanuni moja inayostahili kuangaliwa: mchezaji aweza kuukataa uamuzi wa refa uliompendelea, akasema, “La, haki ni ya mwenzangu,” na uamuzi ukageuzwa. Refa amewekwa, lakini mlango wa dhamiri haukufungwa. Laiti kanuni hiyo ingekuwako Mexico mwaka 1986! Ingalimpa Maradona nafasi ambayo sheria za kandanda hazikumpa wala kumdai.

Pingamizi la pili ni kwamba watu si malaika. Mwongo ataingia katika mchezo usio na mwamuzi na kuvuna asipopanda. Hili nalo ni kweli, na sina dawa kamili ya kulitibu. Lakini mwongo huvuna hata penye refa. Tofauti ni kwamba penye refa anamdanganya mtu mmoja aliye mbali, na pasipo refa hana budi kumdanganya mtu aliyesimama mbele yake akimtazama usoni, tena amjibu kwa kinywa chake mwenyewe. Wako wanaoweza kufanya hivyo. Si wengi kama wanaoweza kunyamaza tu na kuiacha filimbi isipigwe. Naye akizoea kufanya hivyo, wenziwe humjua upesi, na mwisho wake hana wa kucheza naye.

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Je, mtu aweza kuwa hakimu wa haki katika shauri lake mwenyewe? Akiwa peke yake, hawezi. Akiamua peke yake kwa sauti, atajivutia. Akiamua peke yake kwa kimya, kama mwalimu wa hesabu, atamwonea mwenziwe hata kama nia yake ilikuwa ni kumhifadhi. Lakini watu wawili wenye shauri moja waweza kuwa mahakimu wa haki pamoja, ikiwa watatimiza masharti manne. La kwanza, waijue sheria. Kwa maana wengi hudai haki wasiyoijua. La pili, aliyeumia aseme mapema, wakati neno lingali dogo. La tatu, aliyeambiwa asikie kabla ya kujitetea. La nne, wakishindwa kupatana, wawe tayari kuurudisha mchezo ulipokuwa na kuanza tena, bila kila mmoja kutaka mwenziwe akiri kwamba ni mwongo. Sharti hili la nne ndilo lenye hekima nyingi kuliko yote. Watu wawili wakweli waweza kuona jambo moja kwa namna mbili. Na kama kila ubishi ungengojea mmoja aaibike ndipo uishe, hapana urafiki ambao ungedumu mwaka mmoja.

Kwa nini nayasema haya kwa wanafunzi wa sekondari? Kwa sababu sasa mnaishi mahali penye filimbi nyingi. Iko kengele, yuko kiranja, yuko mwalimu wa zamu, yuko msimamizi wa mtihani anayepita kati ya madawati. Nami ni mwalimu, sitawaambia kwamba hawa hawafai. Lakini siku yaja, nayo haiko mbali, ambapo wote watatoweka kwa pamoja. Mtakuwa na mke au mume, na hapana refa atakayesimama jikoni kuamua ni zamu ya nani. Mtakuwa na mwenzi wa biashara, na fedha zitahesabiwa na ninyi wawili tu, mlango ukiwa umefungwa. Mtarithi shamba pamoja na ndugu zenu, nanyi ndio mtakaoujua mpaka kuliko wapimaji. Mahakama ziko, na mabaraza ya wazee yako. Lakini mambo yanayofika huko ni machache, na mara nyingi hufika yakiwa yamekwisha kuoza. Sehemu kubwa ya haki ya duniani hutendwa au huvunjwa mahali ambapo hapana mtu wa tatu.

Kwa hivyo jizoezeni mapema, katika mambo madogo ambayo gharama yake ni ndogo. Mkicheza, mkigawana chakula, mkifanya kazi ya kundi darasani, msingoje filimbi. Ukijua mpira umekugusa wewe ndipo ukatoka, sema. Ukiona mwenzako amekukosea, mwambie yeye mwenyewe kabla hujawaambia wengine, na umwambie leo. Ukiambiwa umekosea, uliza kabla ya kukana. Wala usiogope kwamba kwa kufanya hivyo utashindwa mara nyingi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami nadhani maana yake yaenda mbali kuliko michezo. Mtu asiyeweza kusema “pointi hii si yangu” kwa ajili ya kisahani cha gramu 175, atalisemaje neno hilo kwa ajili ya ekari ya shamba?